Kukata viungo vya mbao kwenye meza ya ruta bila kuumia

Ruta ninayoizungumzia hapa si ile ya intaneti, bali ni mashine ya useremala ambayo mota yake huzungusha biti, yaani kipande cha chuma chenye makali ya kukatia, kwa kasi inayoweza kufikia mizunguko 24,000 kwa dakika, na ambayo mafundi wengi huishika kwa mikono miwili na kuipitisha juu ya ubao ili kupamba kingo au kuchimba mtaro. Mashine hiyo hiyo ikipinduliwa na kufungwa chini ya meza, biti ikachomoza juu kupitia tundu dogo, kazi hugeuka: mashine hutulia na ubao ndio unaotembea. Kwa mtu anayekata viungo, yaani maungio ya ubao na ubao, hii ni neema, kwa sababu biti ikishawekwa kwenye kimo chake na fensi, yaani ukuta mdogo wa kuuongoza ubao, ikakazwa, mbao ishirini zinaweza kupita moja baada ya nyingine na zote zikatoka na kipimo kimoja. Hata hivyo hatari nayo hubadilika, maana mikono iliyokuwa imeshika vipini vya mashine sasa imeshika ubao, na ubao huo unaelekea kwenye makali.

Katika maelezo haya nitashikilia jambo moja zaidi ya mengine, nalo ni kwamba ubao unapaswa kushikwa na meza, fensi, vibao vya kubana na kigari cha kusukumia, huku mkono wa fundi ukibaki na kazi ya kusukuma tu. Fundi anayetegemea nguvu za vidole kuuzuia ubao usiruke ameshaingia hatarini kabla hata hajawasha swichi.

Mashine, umeme na biti

Meza yenyewe si lazima iwe ya kununua. Katika karakana nyingi nimeona meza zilizotengenezwa kwa plaiwudi nene au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), na zinafanya kazi nzuri ikiwa uso wake ni tambarare na haubonyei katikati kwa uzito wa mota. Weka rula ndefu ya chuma juu ya tundu la biti, uigeuze pande zote, na kama mwanga unapita chini yake, rekebisha meza kwanza, kwa sababu ubao unaoyumba juu ya bonde hutoa kiungo kibovu na pia hudakwa na biti kwa urahisi. Swichi iwe mbele ya meza, mahali ambapo unaweza kuizima kwa goti au kwa mkono bila kuinama. Sikubaliani kabisa na desturi ya kufunga kitufe cha ruta kwa utepe wa gundi kisha kuiwasha na kuizima kwa kuchomeka plagi ukutani, kwa kuwa siku ubao utakapokwama hutakuwa na muda wa kwenda ukutani.

Nasisitiza suala la swichi kwa sababu ya kukatika kwa umeme, jambo ambalo sisi tunalijua vizuri. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado najifunza, umeme ulikatika katikati ya mtaro niliokuwa nakata. Niliacha ubao juu ya biti nikaondoka mezani bila kuzima chochote. Umeme uliporudi mashine ilianza kuzunguka yenyewe na ubao ukarushwa hadi ukutani. Hakukuwa na mtu upande ule, lakini angeweza kuwepo. Tangu siku hiyo, umeme ukikatika, jambo la kwanza ninalofanya ni kuzima swichi na la pili ni kuchomoa plagi. Ukiweza kupata swichi ya sumaku, ambayo hujizima umeme unapokatika na haiwashi tena mpaka uibonyeze, hiyo ndiyo inayofaa zaidi kwa meza ya aina hii.

Wanaonunua ruta za mtumba wasome kwanza kibati kilicho ubavuni mwa mota. Zile zilizotoka Marekani hutumia volti 110 hadi 120 na za Japani volti 100, ilhali umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni volti 240. Mashine ya namna hiyo huhitaji transfoma yenye uwezo unaozidi wati za mota, na ruta kubwa ya mezani huweza kula wati 1,500 hadi zaidi ya 2,000.

Biti nazo zinahitaji umakini ambao wauzaji wengi hawauelezi. Shina la biti, yaani sehemu inayoingia kwenye koleti (kibanio cha mashine kinachoishika biti), huja kwa vipimo vinavyokaribiana sana: milimita 6, robo inchi ambayo ni milimita 6.35, milimita 8, milimita 12, na nusu inchi ambayo ni milimita 12.7. Shina la milimita 6 huingia ndani ya koleti ya robo inchi, na ukikaza nati kwa nguvu utadhani limeshika, lakini koleti haikutengenezwa kubana kiasi hicho, na biti inaweza kupanda taratibu wakati wa kazi au kuchomoka kabisa. Vivyo hivyo kwa shina la milimita 12 katika koleti ya nusu inchi. Pima shina kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, na kama halilingani na koleti, usilitumie hata kwa mkato mmoja. Kwa viungo napendelea shina la nusu inchi au milimita 12 kila linapopatikana, kwa sababu halipindi wala kutetemeka kama jembamba.

Unapofunga biti, chomoa plagi kwanza. Ingiza shina hadi mwisho, kisha livute juu milimita 2 au 3 ili lisigonge chini, maana koleti inapokazwa hulivuta shina kuelekea chini kidogo, na shina likiwa limeshagusa sakafu ya tundu, koleti haitabana ipasavyo. Angalau robo tatu ya shina iwe ndani. Kaza kwa spana, zungusha biti kwa mkono uone kwamba haigusi tundu la meza wala fensi, na ndipo urudishe plagi. Ukiwasha mara ya kwanza, simama pembeni kwa sekunde kumi na usikilize. Sauti ya mtetemo au ya kukwaruza ni amri ya kuzima.

Kasi hutegemea ukubwa wa biti. Biti yenye upana wa hadi milimita 25 inaweza kwenda kwa mizunguko 22,000 hadi 24,000. Inayofika milimita 50 ishushwe hadi 18,000. Na zile kubwa za kutengeneza milango ya makabati, zenye upana wa milimita 75 na zaidi, zisizidi 12,000 na mara nyingi hufaa 10,000. Sababu yake ni hesabu rahisi. Ncha ya biti ya milimita 25 ikizunguka mara 24,000 kwa dakika husafiri mita 31 kwa sekunde, lakini ncha ya biti ya milimita 75 kwa mizunguko hiyo hiyo husafiri mita 94 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 340 kwa saa, na kipande cha kabaidi, ile metali ngumu ya makali ya biti, kikibanduka kwa mwendo huo hakuna miwani ya kawaida itakayokizuia. Kama ruta yako haina kidhibiti cha kasi, usiifungie biti kubwa.

Mwelekeo wa kusukuma

Ikiwa utakumbuka sehemu moja tu ya maelezo haya, iwe hii. Simama mbele ya meza, fensi ikiwa upande wa mbali na wewe, na biti ikiwa imechomoza kutoka ndani ya fensi au mbele yake. Ukiitazama kutoka juu, biti huzunguka kinyume na mishale ya saa, kwa hiyo ubavu wake ulio karibu nawe hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Ubao basi lazima usukumwe kutoka kulia kwenda kushoto, ukutane na makali uso kwa uso. Ukifanya hivyo utahisi upinzani mikononi, na upinzani huo ni mzuri, kwa sababu unakuambia kwamba biti inakata badala ya kuvuta, na pia mzunguko wake unaubana ubao kwenye fensi.

Ukisukuma kutoka kushoto kwenda kulia, biti huushika ubao na kuukimbiza upande inakozunguka. Ubao huponyoka mikononi, na mkono uliokuwa ukiusukuma huendelea mbele kwa nguvu zake zenyewe hadi kwenye makali. Majeraha mengi ya vidole kwenye meza hii huanza hivyo. Wako mafundi hodari wanaofanya mkato mwembamba wa mwelekeo huo ili kuzuia nyuzi zisichanike, lakini hufanya hivyo kwa mashine ya kushika mkononi au kwa kifaa kilichofunga ubao imara, na mimi simshauri mtu yeyote anayejifunza kulijaribu jambo hilo mezani.

Kuna mitego miwili inayowanasa hata wanaoujua mwelekeo sahihi. Wa kwanza ni kupitisha ubao kati ya biti na fensi, kwa mfano fundi anapotaka kupunguza upana wa kipande chembamba. Hapo ubao hukutana na ubavu wa nyuma wa biti, ambao hukimbia kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo kusukuma kulikokuwa sahihi sasa kumegeuka kuwa kufuata mzunguko, na kipande hurushwa kama mshale. Sehemu inayokatwa iwe upande wa fensi, na biti iwe imezama ndani ya fensi.

Mtego wa pili ni wa kupanua mtaro, na ni mara chache kumkuta mtu anaueleza. Tuseme una biti ya milimita 12 na unataka mtaro wa milimita 15. Umekata mtaro wa kwanza, sasa unasogeza fensi milimita 3 kwa ajili ya mkato wa pili. Je, uisogeze upande gani? Ukiileta karibu na biti, mkato wa pili utakula ukuta wa mtaro ulio upande wa fensi, ambako biti hukimbia pamoja na ubao, nawe utanyang'anywa ubao. Ukiirudisha nyuma, mbali na biti, mkato utakula ukuta ulio upande wako, ambako makali huja kinyume na ubao kama inavyotakiwa. Kwa hiyo anza na mtaro ulio karibu zaidi na fensi, kisha upanue kwa kuirudisha fensi nyuma. Mimi huchora mshale wa kusukuma kwa chaki juu ya meza na mshale mwingine unaoonyesha mzunguko wa biti, na kabla ya kila mpangilio mpya naisoma mishale hiyo huku mashine ikiwa imezimwa.

Kuuandaa ubao na kuulinda mwili

Kiungo hakiwezi kuwa sahihi kuliko ubao wake. Mbao zetu nyingi huuzwa zikiwa bado na maji, hasa paina na saipresi, na ukikata ulimi, yaani sehemu inayochomoza kuingia ndani ya mtaro, unaoingia vizuri leo, baada ya miezi miwili utakuwa umelegea. Panga mbao kwa vitenganishi mahali penye kivuli na hewa hadi zikauke, kisha zipige randa pande zote nne hadi ziwe tambarare na za pembe mraba, zote kwa unene mmoja. Ubao uliopinda hucheza juu ya meza, na ubao unaocheza unaweza kuinuka au kushuka wakati biti iko ndani yake. Kagua pia misumari iliyobaki katika mbao za zamani, vifundo vilivyolegea na nyufa. Wanaotumia mvule wajue kwamba mti huu wakati mwingine huwa na vijiwe vigumu vya chokaa ndani ya nyuzi zake, ambavyo huvunja meno ya kabaidi bila onyo. Ukiona doa jeupe gumu au rangi iliyokolea isivyo kawaida, lichokonoe kwa ncha ya patasi ya zamani kabla ya kupitisha ubao.

Vipande vifupi ndivyo vyenye hatari kubwa. Kipande chenye urefu usiofika sentimita 30 nisingekisukuma kwa mkono mtupu. Mara nyingi kuna njia ya kulikwepa tatizo lote: kata kiungo kwenye mwisho wa ubao mpana na mrefu, kisha upasue vipande vyembamba kwa msumeno baadaye. Ukihitaji reli nne za milango, yaani vipande vyake vya mlalo, zenye upana wa milimita 50, ubao mmoja wa milimita 220 utakupa zote nne na nafasi ya msumeno, na mikono yako haitakaribia biti hata mara moja.

Kwa vipande vinginevyo, jizoeze kuuona mduara wa sentimita 15 kuzunguka biti kama mahali ambapo vidole havina ruhusa. Funga kwenye fensi ubao wenye meno kama kichana, uliokatwa nyufa za mlalo kwa msumeno, ili uusukume ubao chini na uuzuie kurudi nyuma. Mwingine ufungwe mezani kuusukuma kuelekea fensi, upande wa kulia kidogo kabla ya biti. Mwisho wa ubao usukumwe kwa kibao chenye kisigino. Vitu hivi hutengenezwa kwa mabaki ya mbao katika muda wa saa moja, na katika karakana nzima sijui saa yenye faida kuliko hiyo.

Kuhusu mavazi, glavu zisivaliwe, kwa sababu uzi mmoja ukinaswa na biti, mkono mzima hufuata. Mikono mirefu ikunjwe juu ya kiwiko, saa, pete na bangili zivuliwe, nywele na mitandio vifungwe, na miguu iwe ndani ya viatu vya kufunika, si ndala. Miwani ya kinga ni ya lazima. Kelele ya ruta hupita desibeli 90 kwa urahisi, kwa hiyo vaa kinga ya masikio hata kama kazi ni ya dakika kumi. Vumbi la mbao limewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mninga na la mvule huwasha ngozi, pua na kifua kwa baadhi ya watu. Kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi. Tafuta barakoa ya vumbi inayobana vizuri usoni, na ukiweza unganisha bomba la kufyonza nyuma ya fensi.

Mkato wa ngazi, mtaro na ulimi

Anza na mkato wa ngazi, ule unaoacha daraja kwenye ukingo wa ubao, kama wa mgongo wa kabati. Tumia biti iliyonyooka, izamishe kwenye fensi hadi upana unaohitaji tu ubaki nje, na uzibe mwanya wa fensi kwa kubandika ubao mwembamba mbele yake, ambao biti yenyewe itautoboa. Mwanya ukiwa mpana, ncha ya ubao huingia ndani yake na kukwama. Usikate kina chote kwa mkupuo mmoja: kwa mvule, mkongo au mninga ondoa milimita 3 kwa kila mpito, na kwa paina au saipresi milimita 5. Biti yenye shina la robo inchi isizidi milimita 3 kwa mbao yoyote. Sukuma kwa mwendo usiokatika, kwa sababu ukisimama katikati biti huuchoma ubao na kuacha alama nyeusi, na ukienda haraka mno nyuzi huchanika. Sauti ya mota ikishuka sana, umezidisha.

Kwa mtaro wa sakafu ya droo hesabu ni ile ile, ila usiamini maandishi ya dukani. Plaiwudi inayoitwa ya milimita 6 mara nyingi ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo ipime kwa kalipa kabla ya kuchagua biti. Maranda hujaa mbele ya fensi na kuusukuma ubao nje ya mstari. Chonga mfereji mdogo wa milimita 2 chini ya ukingo wa fensi ili yapate pa kuingilia, na uyafagie kwa brashi mashine ikiwa imesimama kabisa.

Mtaro usiofika mwisho wa ubao, ambao huhitaji kuushusha ubao juu ya biti inayozunguka, ni kazi nyingine kabisa. Weka vizuizi viwili vilivyobanwa kwa klempu kwenye fensi, kimoja cha mwanzo na kimoja cha mwisho, egemeza mkia wa ubao kwenye kizuizi cha kulia, kisha ushushe taratibu ncha ya mbele. Ukimaliza, zima mashine na usubiri isimame kabla ya kuinua ubao. Kwa mtu ambaye hajafikisha miezi kadhaa kwenye meza hii, nashauri akate mtaro mfupi kwa kekee na patasi.

Ulimi na mtaro wa kuunganishia mbao pana hufuata mpangilio huu huu. Kata mtaro kwanza, kwa kuwa upana wake huamuliwa na biti, kisha ukate ulimi kwa mikato miwili ya ngazi, mmoja kila upande wa ubao, ukijaribu kwenye kipande cha ziada chenye unene ule ule. Ulimi uingie kwa kusukuma kwa mkono na usitoke wenyewe ukiugeuza chini. Mtaro uwe na kina kinachozidi urefu wa ulimi kwa milimita moja, ili gundi ipate nafasi.

Kiungo cha vidole kwa kigari

Hiki, ambacho vidole vyake ni meno ya mbao yanayopishana, ndicho kiungo cha masanduku na droo kinachoniridhisha zaidi kukikata mezani, kwa sababu kikishapangwa hutoka kimoja baada ya kingine bila kupima tena. Kinahitaji kigari: kibao cha chini kinachoteleza juu ya meza kwa kufuata mfereji au ukingo wa meza, chenye ukuta uliosimama kwa pembe mraba. Kwenye ukuta huo funga ubao wa kubadilishwa, uukate mwanya mmoja kwa biti utakayotumia, kisha uingize ndani ya mwanya mwingine kijiti kigumu chenye upana sawa kabisa na biti. Umbali kati ya kijiti na biti uwe sawa na upana huo huo. Nyuma ya ukuta, mahali biti inapotokea, gundisha kizuizi kinene cha mbao, kwa sababu hapo ndipo kidole gumba hupenda kupumzika. Funga pia kigingi kwenye meza kitakachokizuia kigari kisivuke zaidi ya inavyohitajika.

Chagua upana wa ubao unaogawanyika. Kwa biti ya milimita 8, ubao wa milimita 96 hutoa sehemu 12, vidole sita na nafasi sita. Kimo cha biti, kikipimwa kutoka juu ya kibao cha kigari, kiwe unene wa ubao na nusu milimita zaidi, ili vidole vichomoze kidogo na kusawazishwa kwa randa au msasa baadaye. Kwa sababu mkato huu hufanywa kwa kina kizima, kwa mbao ngumu zinazozidi unene wa milimita 12 tumia shina nene na mwendo wa polepole.

Simamisha ubao wa kwanza ukiwa umegusa kijiti, ubane kwenye ukuta kwa klempu, na upitishe. Rudisha kigari, zima au subiri ukiwa na mikono mbali, hamisha nafasi iliyokatwa ikae juu ya kijiti, na uendelee. Ubao wa pili huanza na nafasi badala ya kidole, kwa hiyo geuza wa kwanza, uvike nafasi yake ya mwanzo kwenye kijiti, na uutumie kama kipimo cha kuegemeza ukingo wa ubao wa pili kwa mkato wake wa kwanza tu. Vidole vikikataa kuingia, maana yake ni vinene kuliko nafasi, basi sogeza kijiti karibu na biti. Vikiwa vimelegea, kisogeze mbali. Marekebisho yawe madogo sana, kwa kuwa kosa la sehemu ya kumi ya milimita hujumlishwa kwa kila kidole hadi mwisho wa ubao.

Mkia wa njiwa wa kuteleza

Rafu iliyoingizwa kwenye ubavu wa kabati kwa mkia wa njiwa, yaani ulimi unaotanuka kuelekea ncha yake, haitoki hata gundi ikifa, na meza ya ruta huukata vizuri kuliko kifaa kingine ninachokijua. Ugumu wake ni kwamba biti ya umbo hili, pana kwenye ncha na nyembamba kwenye shingo, haiwezi kukata kwa hatua. Kina chote hukatwa mara moja. Kwa hiyo ondoa kwanza nyama ya ndani kwa biti iliyonyooka na nyembamba kuliko shingo ya biti ya mkia, ukiacha milimita moja chini, ndipo ufunge biti ya mkia na ukamilishe. Ukishaingia, usiuinue ubao wala kuurudisha nyuma: kuuinua kunang'oa mtaro mzima, na biti inaweza kuvunjika. Pita hadi utokee upande wa pili.

Bila kugusa kimo cha biti, sasa sogeza fensi hadi biti izame ndani yake na kuacha milimita 2 au 3 tu nje. Funga kwenye fensi ubao mrefu wa kwenda juu, sentimita 20 au zaidi, kwa sababu rafu itasimama wima na inahitaji ukuta wa kuiegemea. Nyuma ya rafu sukuma kipande kinene cha mraba, ambacho kitaizuia isiyumbe na pia kitazuia nyuzi za mwishoni zisichanike. Kata uso mmoja, geuza, kata wa pili, kisha jaribu kwenye mtaro.

Mkia wa kwanza uache makusudi uwe mnene, halafu uupunguze. Kumbuka kwamba fensi ikirudi sehemu ya kumi ya milimita, mkia hupungua mara mbili ya hapo, kwa kuwa unakatwa pande zote mbili. Kwa kipimo kidogo namna hii mimi hutumia karatasi ya kawaida ya kuandikia, ambayo unene wake ni karibu sehemu ya kumi ya milimita: nabana kizuizi nyuma ya fensi nikiwa nimetanguliza karatasi mbili au tatu katikati, na kila ninapohitaji kuondoa kidogo natoa moja. Njia nyingine ni kuacha ncha moja ya fensi ikiwa imekazwa na kusogeza nyingine, kwa maana ncha hiyo ikienda milimita moja, fensi huenda nusu milimita tu pale penye biti, ikiwa biti iko katikati.

Mkia uliokaa sawa huingia kwa mkono hadi nusu ya urefu wake, na sehemu iliyobaki huhitaji kugongwa kidogo kwa nyundo ya mpira. Ukiupaka gundi ya maji utavimba kabla haujafika mwisho, kwa hiyo paka gundi kwenye theluthi ya mwisho tu, ile itakayokaribia ukingo wa mbele wa kabati, na usukume bila kupumzika. Ukishafika, futa gundi iliyomwagika, chomoa plagi ya ruta, toa biti uisafishe utomvu kwa mafuta ya taa na brashi ya plastiki, kisha uirudishe kwenye kibao chake chenye matundu, ili meno yake yasigongane na biti nyingine ndani ya boksi.